Miezi Sita ya Timtim

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na nyumba ya Babu haijakuangukia. Mimi mwili haujambo, ila roho imevimba kama chura.

Leo ni siku ya saba tangu nikae sakafuni kwako, katikati ya magoti yako, saa saba nzima, wewe unasokota na mimi nimefumba macho, maboksi yako ya kuhama yamepangwa mpaka darini. Nilitoka pale najiona malkia. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anafungua geti. Akaniangalia, akachungulia nyuma yangu kama anayemtafuta mtoto wake halisi, kisha akauliza, "Nani amekufanyia hivyo, na amekamatwa?"

Hayo nilikuwa nimejiandaa nayo. Sikujiandaa na nywele zenyewe. Siku ya tano nikaosha, maana kichwa kilikuwa kinawasha mpaka naota ninajikuna. Shangazi, dredi nane zimefumuka! Zilizobaki zimechomoza vinywele pande zote kama brashi ya kusugulia chupa. Nimezilaza na maji, zimeamka. Nimezilaza na mafuta, zimeamka zinang'aa. Wewe dredi zako zina miaka ishirini na mbili, zinafika kiunoni, zimetulia kama zimepigwa pasi. Kwa nini hukuniambia kuna kipindi cha kufanana na jogoo aliyenyeshewa?

Na kazini unajua mimi ndiye mapokezi. Mtu anafungua mlango wa kliniki ameshika shavu, jino linamtoa machozi, na bado anapata nguvu ya kukishangaa kichwa changu. Meneja jana alipita mbele yangu mara nne bila shughuli yoyote.

Kuhusu kile kidonda cha kichwani, Mama sijamwambia, na wewe usimwambie. Akijua atasema nilimficha, atakuwa na haki, na mimi Mama akiwa na haki simwezi.

Barua hii nampa dereva wa gari la magazeti kama tulivyopanga. Kweli huko simu haishiki kabisa?

Mwanao,
Chiriku


12 Machi

Chiriku,

Marahaba. Simu inashika ukipanda mlima. Magoti yangu si ya mlima.

Nani alikutuma uoshe siku ya tano? Nilikwambia wiki tatu. Nilikwambia mara mbili, na mara ya pili uliitikia "ndiyo Shangazi" kwa ile sauti yako ya kumwitikia mgonjwa wa simu. Kichwa kikiwasha, chukua pamba, ilowanishe, pitisha kwenye mistari tu. Usikune. Zile nane zisokote kwa vidole kuelekea upande uleule nilioanzia, uzibane na vibanio mpaka zikauke. Usipake nta. Mtu akikuletea nta mfukuze, itakaa ndani miaka mitano inakusanya vumbi.

Na hizo timtim usizitukane. Hizo ndizo kazi yenyewe. Nywele hushikana kwa sababu zimevurugika. Ukizilaza zote kila asubuhi zitakuwa zimelala, basi, hazitashikana hata siku moja. Umezoea nywele za kopo la dawa, unafungua leo, kesho zimenyooka. Hizi hazina habari na wewe. Zina ratiba yao.

Funga kitambaa cha satini ukilala. Usijiangalie kwenye kioo zaidi ya mara mbili kwa siku.

Shangazi yako


20 Machi

Wifi,

Salamu. Nimechukua kalamu kwa sababu kuna mambo yakikaa tumboni hugeuka ugonjwa.

Nimefundisha watoto miaka thelathini na minne, na kila Jumatatu asubuhi nimekagua vichwa, kucha na kola. Sijawahi kumrudisha nyumbani mtoto wa mtu akiwa na kichwa kibaya kuliko alichokuja nacho. Wewe ulimchukua mwanangu asubuhi akiwa na nywele, ukanirudishia jioni akiwa na mfagio. Kesho yake ukafunga nyumba ukahama, kama mtu aliyevunja kioo cha jirani.

Mimi sina ugomvi na dredi zako. Ulipoolewa ulikuwa nazo, ulipoachika ulikuwa nazo, ni mali yako. Lakini huyu ana kazi ya kukaa mbele ya watu. Alipoitwa kwenye usaili wa kazi ile, mimi mwenyewe nilimpeleka saluni, nikamlipia, nikasimama nyuma ya kiti chake mpaka nywele zikateleza kama maji. Siku ile alipendeza na kazi akapata. Sasa miaka sita baadaye naona jitihada zangu zimesokotwa vifundo vifundo.

Na kuna neno la mwisho, linaniuma kuliko nywele. Kila jambo la mtoto huyu linaanzia kwako. Mimi hulipata limeshapoa. Tangu kaka yako atutoke, wewe ndiye wa kwanza kujua na mimi ndiye wa mwisho. Nimekukosea nini?

Mwandiko wa bahasha uliyomtumia ni aibu kwa mtu aliyesoma. Ungeweza kutulia ukaandika.

Wifi yako


2 Aprili

Wifi,

Mwambie mwanao ainamishe kichwa. Vaa miwani. Tazama nyuma ya sikio la kushoto, ushuke mpaka kisogoni. Ukimaliza kutazama, niandikie tena uniite mvunja vioo.

Wifi yako


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo naiweka hapa kwa sababu nimelelewa vizuri, si kwa sababu unastahili.

Nilikuomba jambo moja! Moja tu! Nimerudi kutoka kazini, sijavua hata viatu, Mama ananiambia, "Keti. Inama." Nikajua. Akavaa miwani, akafunua nywele kwa kidole kimoja kama anayefunua daftari lenye majibu ya kuibia. Akapitisha kidole juu ya kovu. Kisha akauliza, "Liliuma?"

Nikasema liliuma. Nikamweleza yote, kwamba kila baada ya wiki sita ile dawa ya kunyoosha nywele ilikuwa inaniunguza, msusi wa kule saluni ananiambia vumilia dakika mbili tu ishike, na mimi navumilia, na mara ya mwisho ngozi ikatoka na kitana. Kwamba nilikuja kwako usiku... hapana, sikukimbilia kwako kwa kukupenda zaidi, nilikuja kwa sababu wewe ni msusi na nilikuwa natoa usaha kichwani. Ukanikata zote, Mama nikamwambia ni kwa ajili ya joto, ukanitibu miezi miwili, ndipo tukaanza upya.

Unajua Mama alifanya nini? Akaenda bafuni akalitoa lile kopo lililobaki, akatoka nalo nje, nikasikia pipa la taka likilia ngwaa. Akarudi, akakaa, akasema, "Ni mimi niliyekupeleka mara ya kwanza." Akaenda kulala saa kumi na mbili jioni. Mama! Mtu anayeona kulala kabla ya taarifa ya habari ni uvivu.

Kwa hiyo nimekukasirikia. Angejua siku nyingine, kutoka kwangu, kwa maneno yangu. Si kwa wewe kumrushia kama jiwe.

Na kama hilo halitoshi, Meneja ameniondoa mapokezi. Amenipeleka chumba cha nyuma kuosha vifaa. Kasema, "Ni kwa muda tu, mpaka kichwa kitulie." Nikamuuliza kichwa changu kimefanya fujo gani. Akasema wagonjwa wanahitaji kuona unadhifu. Nimekaa mle ndani siku nane sasa, na koleo za kung'olea meno na mvuke. Unajua mvuke unafanyia nini dredi za miezi miwili? Zimesimama zote. Kila moja inatazama upande wake. Namuona Meneja anapita mlangoni anatingisha kichwa kama vile ushahidi wake unaongezeka, wakati ni yeye aliyeniweka kwenye mvuke!

Nimeandika barua rasmi. Nakutumia nakala. Sitaki ushauri wako.

Chiriku


14 Aprili

Kwa Meneja,
Nakala: Daktari, mwenye kliniki.

YAH: KUONDOLEWA KWANGU MAPOKEZI KWA SABABU YA NYWELE

Husika na kichwa cha habari hapo juu, na kichwa changu.

Nimehamishiwa chumba cha kuoshea vifaa tangu tarehe 6 mwezi huu. Sikupewa barua. Niliambiwa kwa mdomo kwamba nywele zangu zinakiuka kanuni za wafanyakazi. Nimezisoma kanuni hizo upya, kurasa zote nne. Zinasema nywele za mfanyakazi ziwe "safi, zisimguse mgonjwa, na ziwe za kawaida".

Nywele zangu ni safi. Hazimgusi mgonjwa, kwa kuwa kwa sasa hazifiki hata kwenye nyusi zangu. Kuhusu kawaida, naomba kuelimishwa. Nywele hizi zimeota kichwani mwangu zenyewe. Zile ambazo ofisi ilizipenda kwa miaka sita zilitoka kwenye kopo, na kila kopo liliniunguza, na nina kovu ambalo niko tayari kumwonyesha Daktari, kwa kuwa yeye ni mtu wa tiba. Kama hizi zangu si za kawaida, naomba niambiwe kwa maandishi za kawaida ni za nani.

Kwa miaka sita hakuna mgonjwa aliyewahi kulalamika kuhusu huduma yangu. Kama yupo aliyelalamika sasa, naomba nionyeshwe malalamiko hayo.

Endapo adhabu hii itaendelea, naomba iandikwe sababu yake halisi, nami nitaipeleka panapohusika.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Mpokezi


1 Mei

Chiriku,

Nilikosea kumrushia mama yako. Hilo nimekubali, usilirudie.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ile "na kichwa changu" ingekufukuzisha kazi. Usiifute.

Mvuke: funga kofia ya plastiki ukiwa mle ndani.

Sha


19 Mei

Shangazi,

Sha? Umeshindwa hata kumaliza neno Shangazi?

Nakupa habari njema kwanza, ingawa sina moyo nazo. Daktari aliisoma barua. Akaniita, akamwita na Meneja. Meneja akasema suluhu ni mimi kurudi mapokezi nikiwa nimefunga kitambaa. Nikasema nitafunga siku ile wafanyakazi wote tutakapofunga, na yeye akiwamo. Shangazi, nilikuwa nimeshawaza nitamwambia nini Mama nikifukuzwa. Daktari akataka kuliona kovu. Akalitazama kwa taa yake ile ya kutazamia mapango ya meno. Akamgeukia Meneja akasema, "Umeniandikia kanuni ambayo siwezi kuielezea. Ifute hiyo 'za kawaida'." Basi. Nikarudi kwenye kiti changu bila kitambaa. Meneja sasa ananisalimia kupitia mtu wa tatu.

Ningepaswa kuwa nafurahi. Sikiliza kwa nini sifurahi.

Kwa kuwa sasa natazamwa, nikasema nikasokotwe mizizi kwa mtu anayejua, maana miezi mitatu inatimia na wewe uko mbali. Nikaenda ile saluni mpya ya vioo karibu na benki. Dada mmoja wa pale ananiweka kwenye kiti, anafunua nyuma. Anamwita mwenzake. Mwenzake naye anafunua. Kisha ananiuliza kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba, "Hizi ulifungwa na mwanafunzi?"

Nikasema nimefungwa na shangazi yangu, msusi wa miaka ishirini na saba. Wakatazamana. Wakanipiga picha ya kisogo wakanionyesha. Mbele, dredi zote sawa. Nyuma, mistari imepinda kama njia ya mbuzi. Nyingine nene kama kidole gumba, nyingine nyembamba kama kamba ya kiatu. Mbili zimesokotwa kulia, jirani yake kushoto. Zile nane zilizofumuka siku ya tano zote zilikuwa za huko huko nyuma! Si maji yaliyozifumua. Hazikuwahi kushikwa.

Miezi mitatu unanifokea mimi. Vumilia, Chiriku. Usiwe na haraka, Chiriku. Usijiangalie kwenye kioo! Sasa naelewa kwa nini hukutaka nitazame kioo. Wewe ulikuwa unahama kesho yake, ulikuwa unawaza maboksi, ukachoka ukamalizia ovyo ukijua kisogo mwenyewe hakioni. Mbele ya watu wa nje ukipokea mteja hukosei hata unywele, kisogo cha mtoto wa kaka yako ndicho cha kuchezea. Na barua zako vilevile. Mistari mitano, mwandiko kama kuku amepita kwenye wino, kana kwamba nakupotezea muda.

Nimetetea kichwa hiki mbele ya Daktari na Meneja. Sikujua kwamba aliyekidharau kwanza ni wewe.

Dada yule atazifumua kumi na moja za nyuma Jumamosi, azianze upya. Nimekubali.

Binti wa kaka yako


22 Juni

Shangazi,

Mwezi mzima umepita. Dereva wa magazeti anasema barua zote alizikabidhi mkononi mwako. Kwa hiyo ni kusudi.

Sawa. Ila nakujulisha kwamba Mama ameisoma ile barua yangu ya mwisho kabla sijaifunga (ndiyo, aliisoma, na ndiyo, tumegombana). Tangu hapo anatembea nyumba nzima anasema peke yake. Jana ametoa sanduku. Anakuja huko Alhamisi kukupa za uso. Anasema amekusanya miaka ishirini. Mimi nimemwambia asiende, kwa hiyo anaenda.

Chiriku


1 Julai

Mwanangu,

Nimefika salama. Kaa chini ndipo usome.

Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu njia nzima. Nimeshuka, nimevuka uwanja, nimegonga. Wifi yangu akaniambia kwa ndani, "Sukuma, uko wazi." Nikaona dharau ya pili hiyo, mgeni anasukuma mlango mwenyewe. Nikaingia nikaanza kusema kabla sijaketi. Nilisema kuhusu kisogo chako, kuhusu barua, kuhusu siku ya mazishi ya baba yako na mambo mengine ambayo wewe hayakuhusu. Yeye amekaa kitini ananitazama tu. Nilipomaliza pumzi akasema, "Wifi, karibu. Chai ipo jikoni, ila ujimiminie." Hapo nikapandwa na wazimu. Nikasema, hata chai? Hata chai huwezi kunimiminia?

Akasema, "Siwezi."

Ndipo nikamtazama, mwanangu. Gauni lake halikuwa na kifungo kilichofungwa, amelibana na pini moja kubwa. Mikono yake ameiweka mapajani kama vitu vya kuazima. Nikamshika mkono wa kulia, nikambonyeza kidole cha kati, hakustuka. Hausikii. Vidole vitatu havisikii kitu, na cha gumba kimekonda. Mkono wa kushoto nao umeanza. Hospitali walishamwambia tangu mwaka jana kwamba mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, ni kazi ya kusokota miaka yote ile, anahitaji kupasuliwa. Hakwenda. Hakumwambia mtu. Alifunga saluni yake akatuambia amechoka na mji.

Kichwa chako ndicho cha mwisho alichosuka. Anasema alianza mbele asubuhi mikono ikiwa na nguvu. Saa nane hakuwa anazisikia tena nywele, akawa anasokota kwa macho. Wewe ulikuwa umelala kichwa kwenye goti lake. Na hizo barua unazosema ni mwandiko wa kuku, alikuwa anafunga kalamu kwenye vidole kwa mpira. Ya kwanza ilimchukua siku tatu. Ile yako ya Mei alianza kuijibu mara nne na mara nne akashindwa, karatasi nimezikuta.

Usidhani nimelia. Nimekasirika! Nimekasirika kuliko nilivyokuja. Mficha ugonjwa kifo humuumbua, na huyu amekaa hapa peke yake anakunywa maji kwa kuinamia beseni kwa sababu kikombe kinamponyoka, eti hataki kutuhangaisha. Hii ndiyo familia? Mimi ni nani kwake, mpita njia? Nimemwambia hivyohivyo, kwa sauti, majirani wamesikia.

Jumatatu nampeleka kupasuliwa. Amekataa. Nimeshafunga sanduku lake.

Mama yako


8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Barua hii Mama atakusomea, kwa hiyo Mama, usirukie mistari.

Nimekaa na ile barua ya Mama siku nzima kazini. Mgonjwa akinisalimia naitikia "pole". Nilikuandikia kwamba umenidharau. Nilikuita mtu wa kuchezea visogo. Ulikuwa umefunga kalamu kwa mpira ili kuniambia nisikune kichwa, na mimi nikakurudishia matusi kuhusu mwandiko. Nisamehe.

Lakini sitakuficha, nina hasira pia. Ungesema! Pale sakafuni ungesema, "Chiriku, mkono umekwisha, tumalizie kesho," ningekaa na nusu kichwa mwezi mzima bila kulalamika. Sawa, ningelalamika. Lakini ningekaa.

Na kuna jambo linanichoma zaidi. Zile kumi na moja za nyuma tayari zimefumuliwa. Zilizokuwa kazi yako ya mwisho duniani, nimemlipa mtu azitoe. Nilipojua nilikwenda saluni kumwuliza yule dada kama zinaweza kurudishwa zilivyokuwa. Alinitazama kama nimeugua. Zilizobaki za mbele sitaki mtu aziguse tena, hata mizizi ikiota kiasi gani.

Upasuaji ukiisha niandikieni haraka.

Chiriku


4 Agosti

Chiriku,

Mwandiko huu unaujua. Mkono wangu wa kulia uko kwenye bandeji mpaka kiwiko, nasema mimi na mama yako anaandika. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinisahihishe. (Nasahihisha sarufi tu. Mama.)

Upasuaji umekwenda vizuri. Daktari aliyenipasua anasema vidole vitaanza kusikia taratibu, vingine huenda visirudi kama mwanzo. Juzi kidole cha kati kimeuma. Kimeuma sana, nikapiga kelele kwa furaha, mama yako akadhani nimefariki. (Sikudhani amefariki. Nilidhani ameanguka.)

Sasa nije kwenye upuuzi uliouandika. Eti kazi yangu ya mwisho duniani. Nani amekwambia nimekufa? Na eti unataka kuzirudisha zile za nyuma zilivyokuwa! Zilikuwa mbaya, Chiriku. Zilikuwa mbaya tangu siku ile, nilifunika kisogo tu na kitambaa nikakwambia usikifungue mpaka kesho, na nimeona haya miezi mitano. Yule dada amefanya vizuri kuzifumua. Mimi mwenyewe ningezifumua, na ningemuuliza aliyezifunga kama amewahi kuona nywele. Unionee huruma kwa mkono, nitapokea. Usinionee huruma kwenye kazi. Hilo ni tusi kubwa kuliko yote uliyoniandikia.

Na zile za mbele, hiyo habari ya kutoguswa mizizi ikome. Unataka zishikane zote ziwe kofia moja? Nenda kwa huyo dada kila wiki ya sita, asizidishe, asikaze mpaka ngozi ivute. Mwambie asokote kulia. Timtim aziache zilivyo. Kama mistari yake imenyooka kama unavyosema, mpe salamu zangu, na mwambie akipata ganzi vidoleni asikae kimya kama mjinga mmoja unayemfahamu. (Nimeandika neno mjinga kwa kupenda.)

Mama yako anasema harudi huko mpaka mkono wa kushoto nao ufanyiwe. Nimemfukuza mara mbili. Anakagua kucha zangu kila Jumatatu.

Nisiseme mengi, kuna kazi inatusubiri. Mizizi yangu haijaguswa tangu Januari, imeota vidole viwili, kichwa changu sasa ni kibaya kuliko chako ulipoanza. Nilimwambia mama yako tuziache mpaka nipone. Amekataa. Anasema hawezi kukaa nyumba moja na kichwa cha namna hii. Kwa hiyo tangu jana niko sakafuni katikati ya magoti yake, na yeye amevaa miwani ameshika kitana cha mkia. Jana tumemaliza nne. Mbili zimefumuka.

(Zimefumuka kwa sababu anatingisha kichwa akicheka. Mwanangu, hizi nywele hazisikii. Nimezisokota, zimesimama. Nimezilaza na maji, zimesimama tena. Nimemuuliza wifi yangu nifanye nini, ananijibu nivumilie. Mimi! Nimefundisha miaka thelathini na minne! Nimemwambia ageuze shingo na anyamaze. Tunaendelea na ya tano.)

Shangazi yako,
na Mama yako